Maneno ya Kiingereza ya vyakula vilivyochachuka: anza na kikombe, kamusi baadaye

Maswali ni yale yale kila msimu wa wageni. Kijana anayepandisha watu kwenye ziwa Ngosi, Mbeya, anauliza ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaitwaje kwa Kiingereza. Dada wa hotelini Iringa anauliza kama mtindi ni "sour milk" au "yoghurt". Mkulima wa Kyela anataka kujua mnunuzi alipopasua punje zake za kakao na kusema "slaty" alikuwa anasifia au anakataa. Na karibu wote wanamalizia na hili: "kali" nisemeje?

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye Kiingereza cha darasani, anayeweza kusema "this is" na "we make", lakini anakwama mgeni akinyoosha kikombe na kuuliza kina nini. Sarufi nimeiacha pembeni. Sharti langu ni moja: neno la ladha usilikariri kabla kitu chenyewe hakijagusa ulimi wako. Wengi huanza na orodha ya maneno hamsini ya kwenye simu, na wiki ikiisha wanabaki na "sour" na "sweet" tu.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Daftari dogo la mfukoni na kalamu. Simu inatosha kwa kusikiliza, lakini andika kwa mkono.
- Simu yenye kamusi inayotamka neno kwa sauti.
- Kikombe cha togwa na kikombe cha mtindi. Sokoni Mwanjelwa, Uyole au Soko Kuu la Iringa hukosi.
- Limau nusu, kijiko cha siki, chumvi kidogo, na chai ya rangi isiyo na sukari iliyokaa na majani yake kwa muda mrefu.
- Ndizi mbichi, kipande kidogo tu.
- Kahawa bila sukari, na mboga ya mnafu kidogo.
- Maji ya kusukutua mdomo kati ya kitu na kitu.
- Mtu mmoja wa kuongea naye, hata kama Kiingereza chake ni kidogo kuliko chako.

Pombe si lazima. Kama hunywi, kuna maneno ya kutosha kwenye togwa, mtindi, kakao, kahawa na chai.

Hatua ya 1: Pasua maneno manne ya Kiswahili

Usiruke hatua hii. Makosa mengi ninayoyasikia hayatokani na kukosa Kiingereza. Yanatokana na neno moja la Kiswahili linalofanya kazi tatu au nne, ambazo Kiingereza kimezigawa kwa maneno tofauti. Chukua ukurasa mmoja kwa kila neno.

Kali. Pilipili kali ni "hot" au "spicy". Limau kali ni "sour". Pombe kali ni "strong", na chai iliyozidi majani nayo ni "strong". Siki inayopanda puani na jibini iliyokaa miezi ni "sharp". Ukimwambia mgeni togwa ni "hot", ataelewa imetoka jikoni sasa hivi, au umeweka pilipili. Jizoeze kujiuliza kwanza: kali ya wapi? Inayochoma ulimi, inayokunja uso, inayopanda puani, au inayopanda kichwani? Ukijibu hilo, neno la Kiingereza linajileta.

Tamu. Asali, sukari na ulanzi uliogemwa asubuhi hii ni "sweet". Nyama choma, ugali na maharage si "sweet", hata kama umelamba sahani. Hivyo ni "delicious", au "tasty", au kwa urahisi kabisa: "It tastes very good." Sentensi "the meat is sweet" inasikika kila siku mezani, na mgeni hubaki akitafuta sukari kwenye nyama.

Kuiva. Embe lililoiva ni "ripe". Nyama iliyoiva ni "cooked" au "done". Togwa au komoni (pombe ya nafaka) iliyoiva ni "ready". Jibini iliyoiva ni "mature" au "aged". Njombe kuna jibini nzuri inayotengenezwa, kwa hiyo hayo mawili ya mwisho utayahitaji ukihudumia meza huko.

Kuchacha. Hapa ndipo penye hatari, kwa sababu neno letu linabeba sifa na lawama pamoja. Togwa iliyochacha jinsi ilivyotakiwa: "It has fermented." Maharage ya jana yaliyochacha: "The beans have gone off." Maziwa yaliyochacha bila mtu kupenda: "The milk has gone off", au "The milk has turned." Usichanganye. Ukitumia "gone off" kwa togwa yako mwenyewe, umemwambia mgeni asinywe.

Sasa lile swali la mtindi. Neno "sour milk" si kosa la sarufi, lakini Waingereza na Wamarekani wengi wakilisikia wanawaza maziwa yaliyoharibika. Sema "fermented milk" au "cultured milk". "Yoghurt" ni jina la aina maalumu, maziwa yanayogandishwa kwa chachu ya bakteria maalumu wanaopenda joto. Mtindi wa nyumbani unakaribia, lakini si kile kile. Ukisema "It is our fermented milk, a bit like drinking yoghurt", umesema kweli na umeeleweka.

Hatua ya 2: Onja, sema, andika

Kaa mezani na vile vitu ulivyoandaa. Onja kimoja, sema neno kwa sauti, sukutua, kisha andika jina la kitu na neno lake. Usiandike tafsiri ya Kiswahili. Andika jina la kitu ulichoonja. Kwenye daftari isomeke "sour: limau", siyo "sour: chachu". Kesho ukisoma, ulimi utakumbuka limau.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu. Chumvi: "salty". Limau: "sour". Siki: "sour" pia, lakini inuse kwanza useme "sharp". Kahawa bila sukari au mboga ya mnafu: "bitter". Ndizi mbichi na ile chai iliyolala na majani: "astringent". Hilo la mwisho ndilo ukakasi, ule ukavu unaofanya mashavu yavutwe kwa ndani. Wengi huliita "bitter", na hiyo si sahihi. Uchungu ni ladha, ukakasi ni hali ya mdomo kukauka. Onja ndizi mbichi na mnafu kwa kufuatana na hutabishana tena.

Baada ya hapo chukua togwa. Sema "sour", halafu jaribu "tangy". "Tangy" ni uchachu unaopendeza, unaokufanya umeze mate na kutaka funda la pili. "Tart" ni ugwadu wa matunda, kama ukwaju au juisi ya rozela kabla ya sukari. "Acidic" ni neno la kitaalamu zaidi, na wanywaji wengi hulisikia kama lawama kidogo. Kwa togwa na mtindi mzuri, "tangy" ndilo neno lako.

Kuna ladha ya tano ambayo sisi hatuna neno lake moja: ile ya mchuzi wa mifupa, dagaa waliokaangwa, na uyoga wa masika. Waingereza husema "savoury", na siku hizi wengi wanasema "umami", neno la Kijapani lililotolewa na mwanakemia Kikunae Ikeda mwaka 1908. Mgeni akikutajia "soy sauce" au "miso", vyakula vya kuchachusha soya, anazungumzia ladha hiyo.

Halafu weka vipimo: "slightly sour", "quite sour", "very sour". Tahadhari kubwa ni kwenye "too". Sisi tunapotaka kusema "sana" tunakimbilia "too", na "too sweet" ni malalamiko: imezidi. Ukitaka kusifia, ni "very".

Hatua ya 3: Uzito, povu na mwonekano

Fupi lakini ya lazima. Togwa nzito si "heavy", ni "thick". Nyepesi si "light", ni "thin", na kama imezidi maji ni "watery". Yenye mabonge ni "lumpy", laini isiyo na mabonge ni "smooth". Mtindi wenye mafuta yake ni "creamy". Pombe isiyo angavu, kama komoni, ni "cloudy". Yenye kuchemka povu ni "fizzy". Povu likifa, ni "flat". Chakula chapwa ni "bland". Maziwa yakikatika, mabonge ni "curds" na maji yake ni "whey".

Hatua ya 4: Usitafsiri jina, eleza kitu

Togwa ni togwa. Ulanzi ni ulanzi. Mjapani hakutafsiri "miso", Mkorea hakutafsiri "kimchi", na Mhabeshi hakutafsiri "injera". Taja jina lako kwa ujasiri, halafu eleza kwa mpangilio huu: ni kitu gani, kimetokana na nini, kina ladha gani, kina kilevi au hakina. Sentensi mbili zinatosha.

Togwa:
"This is togwa, a fermented drink made from maize porridge and sprouted finger millet. It is smooth and slightly sweet, with a tangy finish."

Mtindi:
"This is mtindi, our fermented milk. It is thick and tangy, and we drink it plain or with sugar."

Komoni:
"Komoni is a thick, cloudy local beer made from maize and finger millet. It is sour and quite filling."

Ulanzi:
"Ulanzi is bamboo wine. It is the sap of young bamboo shoots, and it ferments by itself."

Angalia nafaka. Ulezi ni "finger millet", mtama ni "sorghum". Ukisema "millet" peke yake, mgeni hajui ni ipi, na anayefuatilia vyakula atakuuliza tena.

Kwenye ulanzi pana utamu wa kueleza, kwa hiyo tuliza mwendo. Mgeni anayepita Iringa kwenda Ruaha, au anayezunguka Njombe, huona mianzi iliyokatwa ncha na mbeta, yaani vikombe vya mwanzi, zikining'inia, naye huuliza. Utahitaji "tap", yaani kugema: "We tap the bamboo in the rainy season." Utahitaji "sap", ule utomvu: "We cut the tip of the young shoot, and the sap drips into this bamboo cup." Na utahitaji kueleza tofauti ya mtogwa, ulanzi mbichi, na mkangafu, ule uliochacha, ambayo kila mnywaji wa ulanzi anaijua: "Fresh ulanzi is sweet and mild. After a day or two it becomes sour and strong." Maneno "mild" na "strong" yaende pamoja daima, ndiyo yanayombebea mgeni uamuzi wake.

Hapo naomba usifanye mzaha na suala la kilevi. Mgeni akiuliza "Does it contain alcohol?", jibu moja kwa moja. Kwa ulanzi na komoni: "Yes, it does." Kwa togwa: "It is made as a non-alcoholic drink, and children drink it too. But it keeps fermenting, so we drink it fresh." Anayeuliza anaweza kuwa Mwislamu, mjamzito, mwenye dawa, au dereva anayetakiwa afike Tunduma jioni. Kumwambia "small, small alcohol" na kucheka ni kumnyima haki yake.

Hatua ya 5: Vitenzi vya kazi, kupitia sufuria ya togwa

Vitenzi usivisome kwenye orodha. Vitaje ukiwa unatengeneza, au ukiwa umekaa karibu na mama anayetengeneza. Mpangilio wa kazi ndio utakaokukumbusha neno linalofuata.

"We soak the finger millet overnight." Kuloweka.
"We let it sprout for two or three days." Kuotesha, mpaka vijimizizi vichomoze.
"We dry it in the sun and grind it." Kuanika na kusaga. Unga huo ndio kimea, kwa Kiingereza "malt flour".
"We cook a maize porridge and let it cool until it is warm, not hot."
"We stir in the malt flour, cover the pot, and leave it overnight."
"The next day, it is ready."

Sentensi ya nne ina swali ndani yake, na wageni huliuliza: kwa nini uji usiwe wa moto? Jibu lake: "If it is too hot, it destroys the enzymes in the malt." Hapo "too" imekaa mahali pake. Vimeng'enya vya kimea ndivyo vinavyokata wanga wa uji na kuufanya uwe mwepesi na mtamu kidogo, kisha bakteria wa asidi ya laktiki huleta uchachu. Ukiulizwa zaidi, "lactic acid bacteria" inatosha. Mkate na pombe zina "yeast", yaani hamira. Ukungu juu ya mkate ni "mould". Kamusi ikikupa "fog" au "mist" kwa ukungu, hiyo ni ya Kitulo asubuhi, si ya mkate.

Neno jingine la kuangalia ni "culture". Ukilisoma kwenye pakiti ya maziwa, si utamaduni, ni chachu ya bakteria. "Live culture" maana yake bakteria bado wako hai, na hilo "live" hutamkwa "laiv". Kile kijiko cha mtindi wa jana unachoweka kwenye maziwa mapya kinaitwa "starter".

Kosa la kawaida hapa: sisi husema togwa inalala, au tunailaza. Usiseme "it sleeps". Sema "we leave it overnight".

Hatua ya 6: Kama unafanya kazi ya kakao, kahawa au chai

Kama huko hauko, ruka. Kama uko, hatua hii inahusu mfuko wako, maana mnunuzi anayezungumza ladha anazungumza bei.

Kakao ya Kyela. Kuvundika ni "ferment", na tunavundika "wet beans", punje zenye utelezi wake, kwa siku tano hadi saba, kwenye boksi la mbao au chini ya majani ya migomba. Jifunze maneno kwa kunusa boksi kila siku. Mwanzoni harufu ni ya matunda: "fruity". Kisha inakuja ya pombe: "alcoholic" au "yeasty". Kisha unafunua majani na siki inakupiga puani: "vinegary". Joto limepanda kufikia nyuzi 45 hadi 50, na mkono unalisikia. Kila geuzo ni "turning": "We turn the beans so that they ferment evenly."

Punje zikikauka, pasua moja kwa urefu na kisu kidogo, uitazame juani. Ikiwa ndani ni kahawia na ina mifereji mifereji, hiyo ni "well fermented". Ikiwa ya zambarau, ni "purple" au "violet", haikuvundikwa vya kutosha. Ikiwa ya kijivu, imebana, bila mifereji, hiyo ndiyo "slaty": haikuvundikwa. Kwa hiyo yule mnunuzi alikuwa anakataa. Jaribio hilo huitwa "cut test", na kwa kawaida hupasuliwa punje 300. Jifunze pia "mouldy", yenye ukungu, na "flat", punje bapa isiyo na kitu ndani. Hiyo "flat" si ile ya povu.

Kahawa ya Mbozi, Rungwe na Mbinga. Hapa kuna mtego mmoja mkubwa. Kwenye kahawa, "acidity" ni sifa. "It has a bright acidity" maana yake ina uchangamfu, inaamsha ulimi. Lakini "sour" ni kosa, mara nyingi la kahawa iliyolala majini kupita kiasi, na hiyo huitwa "over-fermented". Muonjaji akiandika "ferment" kwenye karatasi, hajakusifia kwamba umevundika; ameandika kasoro. Maneno mengine: "body", ule uzito mdomoni, "aftertaste", ladha inayobaki ukishameza, "clean cup", kikombe kisicho na kasoro. Ukipata nafasi ya kuhudhuria uonjaji, usione haya kuvuta kijiko kwa kelele. Ndivyo inavyofanywa, ili kahawa isambae ulimi wote.

Chai ya Mufindi, Rungwe na Njombe. Kiwandani utasikia hatua inaitwa "fermentation". Kisayansi ni "oxidation", kwa kuwa ni vimeng'enya vya jani lenyewe vikikutana na hewa, si vijidudu. Mgeni anayejua chai anaweza kukusahihisha, nawe mwambie: "In the factory we call it fermentation, but it is really oxidation." Neno la sifa kwa chai yetu ni "brisk", yenye kuchangamsha.

Hatua ya 7: Matamshi

Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa bahati nzuri "fermented" na "fermentation" zinafuata mkondo huo: fa-MEN-tid, fa-men-TEI-shen. Matatizo ni maneno ya silabi tatu yanayokaza mwanzoni: VI-ni-ga kwa "vinegar", AL-ko-hol kwa "alcohol". Yatamke ukigonga meza kwenye silabi ya kwanza.

"Sour" inakaribia "saua", ikitamkwa haraka kama silabi moja. "Whey" ni "wei". "Brew" ni "bruu". "Malt" ni "molt". "Yeast" ni "yiist", imalizie hapo kwenye t. Usiongeze irabu ikawa "yisti". "Leave" irefushe, "liiv", vinginevyo inakuwa "live", kuishi.

Wengi wetu huku l na r hubadilishana kufuatana na lugha ya nyumbani. Kwa Kiswahili tunaelewana tu. Kwa Kiingereza yapo maneno yanayoharibika, kwa mfano "flavour" na "brew". Fanya zoezi la dakika mbili mbele ya kioo: ulimi ukigusa nyuma ya meno ya juu ni l, usipogusa kitu, ni r. Hakuna njia ya mkato zaidi ya hiyo.

Hatua ya 8: Neno litoke nje ya daftari

Dakika ishirini kwa siku, kitu kimoja kwa siku. Leo mtindi, kesho chai, keshokutwa ndizi. Mwenzako afumbe macho, mpe kijiko, akueleze kwa Kiingereza bila kutaja jina, nawe ubashiri. Kisha mbadilishane. Ukiweza sentensi tatu bila kusimama, nenda kwa mgeni wa kweli, kwenye stesheni ya TAZARA, Matema au mezani kwako hotelini. Usimsubiri aulize. Anza wewe: "Would you like to try our fermented milk?"

Usimlazimishe kunywa. Akisema "It's an acquired taste" au "It's interesting", anakwambia kwa adabu kwamba bado hajaipenda. Mwongezee sukari kwenye mtindi wake, au mpe maji, na mazungumzo yaendelee.

Ukikwama

Nimesema "It smells" na mgeni akarudisha kikombe. "It smells" peke yake maana yake kinanuka vibaya. Kitu kikinukia, sema "It smells good" au taja harufu yenyewe: "It smells fruity."

Mgeni anauliza kama imeoza. Atasema "Is it rotten?" au "Has it gone bad?" Usikasirike, kwao uchachu wa namna hii haupo mezani kila siku. Jibu: "No, it is fermented, not spoiled. It is supposed to be sour." Hilo "supposed to be" likariri kama lilivyo, linaokoa mara nyingi.

Hajui kabisa togwa ni kitu gani hata baada ya maelezo. Mlinganishie na kitu cha kwao. Mjerumani anajua "sauerkraut", kabichi iliyochachushwa kwa chumvi. Mwingine anajua "kefir" au mkate wa "sourdough". Sema "It is sour like kefir, but made from grain."

Kamusi inanipa maneno matano kwa neno moja. Rudi Hatua ya 1. Usichague neno, tafuta kwanza ni kazi ipi ya neno la Kiswahili uliyonayo mdomoni.

Nasahau baada ya siku mbili. Huenda umeandika tafsiri badala ya jina la kitu. Fungua daftari, futa "chachu", andika "limau". Kisha onja tena kitu kile kile, usihamie kipya.

Mgeni anaongea haraka na anatumia maneno ya ajabu kama "funky". Hilo ni sifa kwa wapenda vyakula vya kuchachua, ile harufu nzito ya jibini iliyokomaa. Kwa neno lolote usilolijua, muulize: "Is that good or bad?" Atakueleza kwa furaha, nawe unaliandika pamoja na jina la alichokuwa anakunywa.

Tahajia zinatofautiana. "Flavour" na "mould" ni za Uingereza, ndizo tunazofundishwa. Marekani huandika "flavor" na "mold". "Yoghurt" na "yogurt" zote utaziona. Kwenye menyu chagua moja na uifuate hadi mwisho wa ukurasa.

Nafanya kazi na watu wasiojua Kiingereza kabisa, hakuna wa kuzoezana naye. Zoezana na mama anayekuuzia togwa. Yeye akutajie kwa Kiswahili anachokifanya, hatua kwa hatua, nawe useme kwa Kiingereza kila anaposhika kitu. Akiuliza umesema nini, mfundishe neno moja, lile la "tangy", ili akija mnunuzi wa kigeni asikwame na kikombe mkononi.